Sitoiacha Sazi

Mara ya kwanza kuisikia sazi nilikuwa nimekumbatia madaftari ya hesabu ya darasa zima. Nilikuwa natoka skuli ya wasichana pale Ibra, mji wa bara mbali kidogo na Maskati, adhuhuri, jua limesimama utosini, napita nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa hospitali kwa sababu ukuta wao ulikuwa na kivuli. Sauti ikatoka dirishani. Mwanzo nilidhani ni udi. Halafu nikadhani ni mashine iliyoharibika. Kulikuwa na nyuzi zinazopigwa, hilo nililijua, lakini kila uzi ukiguswa sauti yake ilikwaruza, ikavimba, ikenda mbali, kisha ikarudi kujigonga yenyewe mara tatu mara nne mpaka ikafifia.

Sikuwa mtu wa kugonga milango ya watu nisiowajua. Siku ile niligonga kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa.

Aliyefungua nilimjua kwa sura, kama alivyojulikana na Ibra nzima. Alikuwa mkunga, Mturuki, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekwisha kuzalisha nusu ya jirani zetu. Mumewe alikuwa fundi wa majenereta. Akaniangalia kwa wasiwasi wa mtu wa kazi yake.

"Nani ameshikwa na uchungu?" akauliza kwa Kiarabu.

"Hapana mtu. Nataka kujua ile sauti ni ya nini."

Akayatazama madaftari, akanitazama mimi, akacheka. "Basi ingia, mwalimu, kabla hujayaangusha."

Hapo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, nusu ya pili ya miaka ya sabini imeanza, na mimi na wazee wangu tulikuwa tunaishi kwa fadhila ya ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Tulitoka Unguja nikiwa na miaka kumi na moja, baada ya mapinduzi. Tukakaa Dubai miaka kadhaa, nikasoma huko hadi ualimu, na nchi ya babu zetu ilipowafungulia mlango watu wake waliotawanyika, baba akasema twende kwetu. Kwetu ilikuwa Ibra, ambako baba hajapata kukanyaga. Ami yeye alikuwa amekwishatangulia zamani. Alitupokea vizuri, akatupa vyumba viwili katika nyumba ya ukoo, ile ya udongo yenye milango mirefu iliyochongwa, na hata siku moja hatukukosa wali wala tende.

Lakini wiki ya kwanza tu alimwita baba pembeni. Nilikuwa nafua uani, nikasikia yote.

"Hapa tunajulikana," alimwambia. "Watu wakikuona wewe wanamuona baba yetu na babu yetu. Mambo ya vinanda yabakie huko huko."

Baba alikuwa amepiga fidla Unguja kwa miaka kumi na tano katika klabu ya taarab. Fidla yenyewe ilibaki kule, ndani ya nyumba tuliyoifunga mlango na kuondoka. Akajibu, "Sawa, kaka," na tangu siku hiyo sikumsikia hata akipiga mluzi. Akawa karani wa stoo ya serikali. Mama naye akajifunza kushusha sauti anapozungumza Kiswahili karibu na dirisha la barabarani, kwa sababu watoto wa jirani walituita "Zinjibari" na ami hakupenda kulisikia neno hilo mlangoni kwake.

Basi na tuseme nilipoingia chumbani kwa yule Mturuki nilikuwa nina njaa ambayo sikuwa nimeipa jina.

Sazi ilikuwa juu ya kitanda. Ina shingo ndefu, tumbo kama nusu ya boga, na nyuzi saba zilizopangwa kwa mafungu matatu. Shingoni hakuna vyuma kama vya gitaa. Kuna mafundo ya nailoni yaliyofungwa kwa mkono, unaweza kuyasogeza. Chini ya nyuzi kulibandikwa kidude cha sumaku, na waya ukatoka hapo mpaka kwenye kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, ndicho kilichokuwa kinaikwaruza ile sauti. Kutoka kisandukuni waya ukenda kwenye rekoda mbili kubwa za tepu zilizowekwa sakafuni kwa kutazamana, na tepu moja imepita zote mbili. Ya kwanza ilinasa sauti, ya pili ikairudisha ikiwa imechelewa kidogo. Mumewe ndiye aliyelehemu kila kitu. Hakuwa na sikio la muziki hata chembe, aliniambia mkewe, ila alipenda kuona taa nyekundu ikiwaka.

Akanieleza habari zake huku akimenya chungwa. Babu yake alikuwa mwimbaji wa vijijini, milimani mashariki mwa Uturuki, akitembea kijiji kwa kijiji na sazi mgongoni, akiimba mashairi ya mapenzi na ya kumshitakia Mungu. Yeye alikulia Istanbul. Huko akakuta vijana waliofuga nywele wamezitia umeme sazi za babu zao, wakazichanganya na ule muziki wa ng'ambo unaomfanya mtu ahisi chumba kinazunguka. Akaingia bendi moja, akapiga miaka mitatu, mwanamke peke yake kati ya wanaume, kabla hajamaliza ukunga.

"Na babu yako alipokusikia alisema nini?"

"Alisema, pandisha sauti, masikio yangu yamezeeka."

Kisha akanipigia wimbo wa babu yake, kwanza mkavu, bila umeme. Mkono wake wa kushoto ulipofika katikati ya shingo ikatoka sauti moja iliyonisimamisha nywele za mikono. Haikuwa sauti kamili wala nusu. Ilikaa pale katikati, mahali ambapo piano haina kitufe. Sauti hiyo nilikuwa nimeizowea tangu niko mbelekoni.

"Hii kwetu inaitwa bayati," nikamwambia.

"Kwetu ina jina jingine," akasema. "Hebu imba ya kwenu."

Nikaimba mstari mmoja wa taarab, taratibu, naona haya. Kabla sijafika mwisho alikuwa amekwisha kuniokota, yuko nami sauti kwa sauti. Halafu akakanyaga kile kisanduku. Mstari wa mama zangu wa Unguja ukatoka kwenye spika umekwaruzika, umevimba, unazunguka chumba kizima. Sitosahau nilivyohisi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeambiwa kwamba kitu kile ni cha kuficha, na sasa kilikuwa kikubwa kuliko nyumba.

Nikawa naenda Jumatatu na Jumatano, nikitoka skuli. Mama nilimwambia ukweli. Akafikiri, akasema, "Ami yako akiuliza, mwambie unasoma Kituruki." Na kweli nilikuwa nasoma Kituruki, kwa sababu nyimbo zilikuwa za Kituruki. Kwa hiyo hatukusema uongo, ila hatukusema sana.

Vidole viliniuma mwezi mzima. Kilichonishinda zaidi ni mapigo. Nyingi ya nyimbo za babu yake zilikwenda kwa tisa, na si tisa ya kugawa kwa tatu. Ni mbili, mbili, mbili, kisha tatu, kama mtu anayetembea halafu akajikwaa makusudi. Mwalimu wa hesabu mzima nikashindwa kuhesabu hadi tisa. Mwisho nikatafuta maneno: maji, maji, maji, machungwa. Nikawa natembea njiani kwa mapigo hayo. Nikiandika ubaoni nasikia chaki inagonga maji, maji, maji, machungwa, na wasichana wangu wakaanza kugonga madawati vivyo hivyo bila kujua ni nini.

Siku moja nilikuwa napepeta mchele nyumbani huku navumisha wimbo mdomoni. Baba alikuwa anasoma gazeti. Bila kunyanyua kichwa akasema, "Umeipandisha mno."

Nikaacha kupepeta.

"Ile ya tatu," akasema. "Ishushe kidogo. Hapo. Iache hapo."

Nikaishusha. Akaendelea kusoma. Alipofunua ukurasa niliona mkono wake wa kushoto, vidole vinabonyeza ukingo wa gazeti kimoja baada ya kimoja. Nikamweleza yote, sazi, umeme, rekoda. Nilidhani atanikataza. Akaniuliza mafundo ya nailoni yamefungwaje, na mengi kiasi gani, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Nisije nikadhaniwa nasema kwamba waliotupinga walikuwa watu wa Ibra tu. Alasiri moja nyumbani kwa mkunga nilimkuta mzee mmoja wa nchi yake, msimamizi wa mafundi, amekuja kunywa chai. Mwenzangu akampigia wimbo wa babu yake kwa umeme. Yule mzee akaweka gilasi chini, akasema maneno mengi kwa sauti ndogo, uso umemkunjamana. Mwenzangu akamjibu kwa sauti ndogo vile vile. Mzee akachukua kofia yake akatoka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nimemvisha babu yangu suruali ya kubana."

"Na wewe?"

"Nimemwambia babu alitembea kwa miguu kwa sababu hakuwa na gari, si kwa sababu kutembea ni sunna."

Aliyasema bila kucheka. Akakaza uzi mmoja uliolegea, akasema, "Tuanze tena pale pale alipokasirikia."

Mwaka wa pili nikaanza kutia maneno yangu. Nilichukua lahani ya milimani kwao, ile ya mapigo tisa, nikaitungia beti za Kiswahili. Ibra imezungukwa na majabali meusi, na mimi kila asubuhi nilikuwa nayatazama, basi nikaandika: Jabali jitenge nipite, njia yangu si ya kuomba. Yeye Kiswahili hakijui, lakini nilipomfasiria akasema, "Hili litapigwa na kisanduku kimekanyagwa mpaka mwisho." Tukalipiga hivyo.

Kisha rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, akaposwa. Kwao ni Sur, mji wa pwani, familia ya Kiunguja kama sisi, ila wao walikuwa na nyumba yao wenyewe na hawamwogopi mtu. Alikuwa amekuja nami kwa yule mkunga mara mbili tatu, akasikiliza.

"Njooni mnipigie siku ya wanawake," akasema. "Na lile dude la kukwaruza mlilete. Bila hilo msije."

Tukaenda Sur kwenye pikapu ya mumewe mkunga, rekoda zimefungwa ndani ya magodoro ili zisivunjike. Shughuli ilikuwa baada ya alasiri, uani, wanawake watupu, labda mia moja. Kulikuwa na mama mmoja wa Sur, mpiga ngoma, mtu mzima mwenye mikono minene, aliyekaa na ngoma zake tatu na wasaidizi wake na kututazama sisi na nyaya zetu kama mtu anayetazama wageni waliokosea nyumba.

Tulipoanza, vikombe vya kahawa vilisimama hewani. Bibi mmoja aliziba masikio kwa ncha za buibui. Mtoto mchanga akalia. Niliona mama wa bibi harusi anamtazama binti yake kwa jicho la kuuliza, na nikafikiri, basi, leo tumeharibu harusi ya watu. Mwenzangu hakunitazama hata mara moja. Alikanyaga kisanduku, akaendelea.

Nikafumba macho nikaimba. Jabali jitenge nipite. Wanawake wa Kiunguja waliposikia Kiswahili, waziwazi, kwenye spika, mbele ya watu, walitazamana kwanza. Kisha khalti mmoja, mwanamke mkubwa mwenye heshima zake, akasimama akaja kunitunza, akanipachika noti kwenye mtandio. Wakafuata wengine, wanakuja kwa mwendo ule wa taarab, mkono juu, bila haraka. Lakini mapigo tisa yaliwapiga chenga, wakifika kwenye "machungwa" wanajikwaa. Hapo ndipo yule mama wa ngoma alipoinama, akasikiliza mizunguko mitatu minne, akaweka kiganja juu ya ngozi, akaingia. Hakuna aliyemhesabia. Aliingia kwenye lile pigo la kujikwaa akalifanya liwe la kuchezea, na uwanja mzima ukaenda. Mwisho wa wimbo alituambia kwa Kiarabu cha Sur, "Mbona hamkusema mnatafuta ngoma?"

Kulikuwa na mtu mwenye redio kaseti chini ya kiti chake. Hatukumjua, na hata sasa simjui.

Wiki chache baadaye mama alirudi kutoka sokoni uso umembadilika. Alikuwa amepanda teksi pamoja na jirani. Dereva alitia kaseti, na ndani ya kaseti nilikuwa mimi.

"Sauti yako," akasema mama. "Wazi kabisa. Na yule dereva anaimba pamoja nawe, maneno yenyewe hayajui."

Kanda ile ilikuwa imetoka Sur, imenakiliwa, imenakiliwa tena, imefika Ibra kabla ya sisi kujua. Wanawake waliponisikia uani, hiyo ilikuwa shughuli ya wanawake. Madereva wakinisikia njiani, hilo lilikuwa jambo jingine, na nalikubali kwamba lilikuwa jambo jingine. Sikulitaka. Ila lilikuwa limekwishatokea.

Ami alituita baada ya sala ya Ijumaa. Alikaa kwenye mkeka wa sebule ya wageni, fimbo yake pembeni, kanzu nyeupe haina hata kunjo. Niseme haki yake: hakupiga kelele, hakunitukana. Alikuwa na huzuni kweli.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa." Akasubiri. "Nimeambiwa sauti ya binti yetu iko kwenye teksi."

"Ndiyo, ami. Mimi sikuipeleka."

"Aliyeipeleka simuulizi. Nakuuliza wewe. Kanda hizo zitakusanywa, nitatuma watu. Hicho chombo hutokigusa tena, na nyumba ile hutokwenda tena. Na lugha ile ya kule, watu wameisikia. Mimi nimekaa miaka kuwafahamisha watu hapa kwamba nyinyi ni watu wa hapa."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama mkeka. Nilikuwa nimejitayarisha kulia, nimejitayarisha hata kuomba radhi. Lakini lile neno la mwisho lilinikausha machozi.

"Ami," nikasema, "mimi ni mtu wa hapa. Nafundisha watoto wa hapa. Sihitaji kunyamaza ili niwe wa hapa. Heshima yako siikatai, na kwenye teksi sikupenda kuweko. Lakini sazi sitoiacha, na Kiswahili sitokiacha."

"Umesema sitoiacha?"

"Sitoiacha, ami."

Akaivuta fimbo yake karibu. "Basi si chini ya paa hili."

Baba akajikohoza. Kwa miaka yote sikuwa nimemsikia akimwambia kaka yake neno zaidi ya "sawa". Akasema, "Sawa, kaka. Tutahama." Akainuka, akatoka uani, akaanza kushusha nguo kwenye kamba ya kuanikia, mwenyewe, moja moja, zikiwa bado mbichi.

Niliomba uhamisho nikapelekwa Nizwa. Baba akaomba wa kwake akapata. Tulipanga nyumba ndogo ya matofali, nyuma ya mashamba ya mitende, na mfereji wa maji ukipita upenuni. Jioni ya kwanza mama alisimama mlangoni akamwita baba kwa sauti ya juu, kwa Kiswahili, aje ale. Hakukuwa na sababu ya kupiga ukelele ule, nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Aliupiga tu.

Nilimuuliza baba iwapo anataka nimtafutie fidla Maskati au Dubai. Akatikisa kichwa. "Mimi nimekwisha kuiacha, mwanangu. Mkono hauna tena. Lakini wewe ukikosea nitakwambia." Na aliniambia, karibu kila siku, mpaka alipofariki.

Mkataba wa mumewe mkunga ukaisha miaka ya themanini ilipoanza. Walikuja Nizwa kuniaga. Nilijua atataka kuniachia sazi yake, na nilikuwa nimekwisha kuamua. Alipoiweka mapajani pangu nikamrudishia.

"Hii ni ya babu yako," nikamwambia. "Nipe kisanduku tu. Sazi nitaitafuta ya kwangu."

"Utaipata wapi huku?"

"Nitaitengenezesha."

Akanitazama vile alivyonitazama siku ile ya madaftari, akaufungua waya wa kisanduku, akanipa. Tuliagana kama watu wanaotarajia kuonana. Barua zake zilikuja miaka mitano sita, na kila moja ilikuwa na kaseti ndani, na kila kaseti ilikuwa na wimbo wa zamani uliovaa sauti mpya: vinanda vya umeme, mashine za ngoma, sauti kama za maji yanayopanda badala ya kushuka. Aliandika kwamba Istanbul sasa wanaomsema vibaya ni vijana, wanamwambia amepitwa na wakati. "Nimewaudhi wazee, sasa nawaudhi watoto," aliandika. "Sijui nitamuudhi nani nikifika sitini."

Sazi yangu aliitengeneza seremala wa milango wa sokoni Nizwa. Nilimchorea kwa vipimo, kila fundo mahali pake, hesabu zote nimezipiga mwenyewe. Akaugeuza mchoro juu chini.

"Hiki ni kijiko?"

"Ni chombo cha muziki, fundi."

"Cha nani?"

"Changu."

Akatafakari. Alikuwa mtu wa dini, na nilimpa nafasi ya kukataa. Akasema, "Mimi nachonga mbao. Utakachofanya nazo utaulizwa wewe." Akanichongea kwa mti wa mkunazi, mti mgumu, mzito. Sauti yake haikuwa ile ya milimani Uturuki. Ilikuwa nene, ya chini, kama mtu aliyeamka na mafua. Nilisikitika wiki moja. Kisha nikaitia sumaku, nikakanyaga kisanduku, na nikafahamu kwamba nimepata sauti isiyokuwa ya mtu mwingine. Nikanunua na kinanda kidogo cha umeme chenye ngoma ndani yake. Ngoma ile haikujua mapigo tisa, ilijua nne tu, basi nikawa nairekodi kwenye tepu, nakata tepu kwa mkasi, naiunga kwa gundi mpaka ikajikwaa ninavyotaka.

Kwa miaka iliyobaki ya themanini nilipiga kwenye shughuli za wanawake, Nizwa, Bahla, Sur, mara nyingi na yule mama wa ngoma. Sheria yangu ilikuwa moja: redio kaseti zote ziwekwe juu ya meza mlangoni, zinaonekana. Wapo walioniita mwalimu aliyerukwa na akili. Wapo waliokuja na mabinti zao kuwaonesha. Mkuu wa skuli yangu alinitaka niache, nikamuuliza kama hesabu za wasichana wangu zimeshuka. Hazikushuka, akaniacha.

Mwaka mmoja ami alikuja Nizwa. Hatujaonana uso kwa uso tangu tulipohama. Alikuwa amekonda, fimbo sasa anaiegemea kweli. Mjukuu wake anaolewa, na bibi harusi amesema anataka shangazi yake apige.

"Nimekuja mwenyewe," akasema, "ili usiseme nimetuma mtu."

Nilimbusu mkono. Nikamwambia nitakuja kwa furaha, na nilikuwa nasema kweli, roho yangu ilikuwa imeruka.

"Lakini njoo na chombo kitupu," akasema. "Lile sanduku la umeme liache. Na uimbe Kiarabu. Watakuwepo watu wakubwa."

Baba alikuwa ameketi karibu yangu, ameshaanza kuumwa. Mama alisimama na birika la kahawa mkononi, hamimini. Ningeweza kusema sawa. Ilikuwa siku moja tu, na mzee yule alikuwa amesafiri, na nilimpenda.

"Ami," nikasema, "bibi harusi amemuomba shangazi yake. Shangazi yake ana sanduku na anaimba Kiswahili. Ukitaka nusu yake, mtafute mtu mwingine."

Alinywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonesha ametosheka, akatuombea dua sote, akenda zake. Nilimsindikiza mpaka garini. Alinishika bega kabla hajapanda, akakaa kidogo na mkono pale, halafu akauondoa.

Harusi ilikuwa Alkhamisi. Mama alikwenda, kwa sababu damu ni damu. Walikodi wapiga ngoma kutoka pwani, na mama alisema walipiga vizuri. Mimi Alkhamisi hiyo nilikuwa Bahla, kwenye ua wa mfinyanzi mmoja aliyekuwa anamuoza binti yake, mitungi mibichi imepangwa ukutani, na wanawake wa Bahla ambao hawajui Kiswahili hata neno wanaimba nami kiitikio. Nilipokanyaga kisanduku mitungi ikaanza kulia kwa mtikisiko. Mama wa bibi harusi akaniashiria kwa mkono. Nilidhani ananiambia nipunguze sauti, nikajitayarisha kukataa, kumbe alikuwa ananiambia nipandishe.